Gelimer: mrithi halali au mnyakuzi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia ya Afrika ya Kaskazini, na nimekwama kwa Gelimer, mfalme wa mwisho wa Wavandali, kabila la Kijerumani lililotawala huko. Kitabu kimoja kinamwita mnyakuzi wa kiti, kingine kinasema alikuwa mrithi kwa sheria. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika yote mawili, ila anza na wasia wa mfalme Geiseric, baba wa babu yake Gelimer.

Geiseric aliwavusha Wavandali kutoka Hispania hadi Afrika mwaka 429, na mwaka 439 akaiteka Karthago, jirani na Tunis ya leo. Alipofariki mwaka 477 aliacha agizo: kiti kishikwe na mwanamume aliye mkubwa kwa umri kuliko wote katika uzao wake wa kuumeni. Kuwa mtoto wa mfalme aliyekufa hakukumpa mtu haki yoyote ya ziada.

Chora mti wa ukoo, utaona sheria hiyo ilivyofanya kazi. Huneric, mwana wa Geiseric, alitawala hadi 484. Alitamani sana mwanawe Hilderic amrithi, akawaandama ndugu zake, wengine akawaua, wengine akawafukuza. Hata hivyo, alipokufa yeye kiti kilikwenda kwa Gunthamund, mtoto wa mdogo wake Gento, kwa sababu Gunthamund alikuwa mkubwa kuliko Hilderic. Baada yake, mwaka 496, akafuata ndugu yake Thrasamund. Hilderic alingoja hadi 523, akiwa tayari mtu mzima sana.

Gelimer alikuwa mjukuu wa Gento. Procopius, aliyefuatana na jeshi la Roma ya Mashariki kama msaidizi wa jemadari Belisarius, anasema kwa umri Gelimer alikuwa wa pili, nyuma ya Hilderic peke yake. Kwa hiyo haki ya kurithi alikuwa nayo. Ila wasia ule ulipanga zamu tu. Haukumruhusu anayefuata kumshusha mfalme aliye hai. Mwaka 530, Waberiberi walipokuwa wamelishinda jeshi la Hilderic, Gelimer alimpindua mzee huyo akamfunga, na baadaye akamtoboa macho Hoamer, mpwa wa Hilderic na shujaa wa vita.

Kaisari Justinian wa Roma ya Mashariki aliishika hoja hiyohiyo. Alimwandikia Gelimer kwamba anauvunja wasia wa Geiseric kwa kunyang'anya kitu ambacho muda mfupi tu ungempa kihalali. Amwachie mzee walau jina la ufalme mpaka afe. Gelimer alijibu kwamba Wavandali wenyewe ndio waliomwondoa Hilderic kwa kuwa alipanga kuihujumu nyumba ya Geiseric, na yeye alipanda kwa haki ya umri. Kwangu mimi nusu ya pili ya jibu hilo ni kweli, na ya kwanza haitoshi. Usisahau pia kwamba Justinian na Hilderic walikuwa marafiki wa kupelekeana zawadi, na mama yake Hilderic, Eudocia, alikuwa binti wa Kaisari Valentinian wa Tatu wa Roma ya Magharibi. Utetezi wa wasia ulimfaa sana Justinian.

Mwaka 533 Belisarius alishuka pwani ya Afrika na askari wapatao 15,000. Gelimer akamwagiza ndugu yake Ammatas amuue Hilderic gerezani. Hapa ndipo ninapotaka utulie na mti wako wa ukoo: Hilderic alipokufa, Gelimer ndiye aliyebaki mkubwa kwa umri, yaani zamu yake kwa wasia ilifika siku hizo. Tarehe 13 Septemba alishindwa vitani Ad Decimum, Karthago ikaanguka, na Desemba akashindwa tena Tricamarum. Mwaka 534 alijisalimisha, akapewa mashamba Galatia, lakini cheo cha upatrisi, heshima ya juu ya Kirumi, alinyimwa kwa kuwa alikataa kuuacha Uario, imani ya Kikristo isiyokubali kwamba Mwana ni sawa na Baba.

Katika insha yako andika “mrithi aliyenyakua kabla ya zamu”, na uweke mwaka 530 na 533 kando kwa kando.