Setibuku na yule gaidi wetu

Shuleni kwetu kile kitabu cha mwongozo, yaani "guide", cha setibuku (zile hadithi na tamthilia zinazotahiniwa) tulikiita gaidi, na wallahi jina lilikifaa, manake mimi kilinilipua mchana kweupe. Fomu foo, mtihani wa moku, ule wa majaribio, pepa tuu ya Kiingereza, nikakuta dondoo la tamthilia la maksi 25 na swali la kwanza kabisa ni nini kilichotokea kabla tu ya hapa. Nikakodoa macho. Dhamira zote za kwa gaidi nilikuwa nazo kichwani, ufisadi, usaliti, nafasi ya mwanamke, nimezikariri kama namba ya simu ya mama, lakini ukurasa wenyewe wa tamthilia sikuwa nimewahi kuutia macho. Nikaambulia 7.

Sasa nyinyi mlioko fomu thrii pigeni hesabu na mimi. KCSE, mtihani wa taifa wa fomu foo hapa Kenya, ya Kiingereza ni maksi 200, pepa wani 60, pepa tuu 80, pepa thrii 60. Chukua zile 25 za dondoo, ongeza insha mbili za setibuku kwa pepa thrii, 20 kila moja, hiyo ni 65, karibu theluthi ya mtihani mzima iko kwa vitabu ambavyo unatembea navyo kwa begi bila kuvifungua!

Nilichofanya baada ya ile 7 ni hiki. Nikasoma tamthilia yote wikendi moja bila kalamu, kama mtu anasikiliza umbea wa ploti. Mara ya pili nikashika daftari, kila onyesho naandika nani kaingia, kamwambia nani nini, kwa nini kaondoka na hasira. Basi. Kwa insha usiseme tu mhusika ni jasiri, mwalimu wetu alikuwa anazungushia hilo neno duara jekundu halafu pembeni anaandika "alifanya nini?", na kama huna tukio la kumjibu huna maksi.

Sarufi fanyeni pepa za zamani, shairi lisome mara mbili kabla ya kugusa maswali.

Halafu pepa wani kuna maksi 30 za matamshi na mazungumzo ambazo watu huzidharau. Mimi miaka yote nilikuwa natamka ile p ya "receipt", na mama muuza duka mtaani kwetu hajawahi kuingia fomu wani lakini kila siku anasema risiti, bila p.