Matiti yamelegea: je, maziwa yamekatika?

SWALI: Mwanangu ana miezi minne, ananyonya tu. Zamani matiti yalijaa hadi kuvuja kwenye nguo; sasa ni laini kutwa. Ananyonya dakika saba, anaachia. Nimerudi kazini, nikijikamua napata mililita 60. Mama mkwe anasema maziwa yamekatika, nianze uji. Nifanyeje?
Mama Junior, Morogoro

JIBU: Usianze uji kwa sababu hiyo, Mama Junior. Wiki za mwanzo homoni za uzazi huleta maziwa kupita mahitaji, ndiyo maana ulivuja. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mwili hushika kipimo cha mtoto: kinachonyonywa ndicho kinachotengenezwa. Na mtoto wa mwezi mmoja na wa miezi mitano hunywa karibu sawa, wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku. Dakika saba zinamtosha, ameshajua kuvuta.

Mililita 60 nazo si kipimo cha kilichomo ziwani, kwani mkono au pampu haitoi kama mdomo wa mtoto. Angalia nepi: akojoe mara 6 au zaidi kwa saa 24. Angalia kadi ya kliniki: umri huu huongezeka kama nusu kilo kwa mwezi. Mstari ukilala au ukishuka, mpeleke mapema.

Tunachokiogopa zaidi ni saa zako za kazini. Maziwa yakikaa ziwani muda mrefu, mwili huelewa kwamba hayatakiwi, unapunguza. Jikamue kila baada ya saa 3, matiti yote mawili, dakika 15 hivi, ukiyakanda kwanza, usingoje yajae. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakuruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, zidai. Kwa joto la Morogoro usiyaache mezani: yaweke kwenye friji, hukaa hadi siku 4. Usiku mlaze karibu anyonye, kwani homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi saa hizo.

Mama mkwe anakutakia mema, lakini mtoto akishiba uji huruka kunyonya, na hapo ndipo maziwa yatapungua kweli. Uji usubiri miezi 6.

Jambo jingine: kama umeanza vidonge vya uzazi wa mpango, muulize muuguzi kama vina homoni ya estrojeni. Hivyo huweza kupunguza maziwa. Viko vya homoni moja, visivyo na estrojeni, vinavyofaa anayenyonyesha.