Basi, Nyanya na Mpini wa Pampu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha mazoezi ya usaili wa kazi nimekuta taarifa mbili: "Bei ya nyanya imepanda mjini wiki hii" na "Safari za mabasi ya mikoani zimepungua wiki hii". Nilichagua kwamba ya pili imesababisha ya kwanza, nikakosa; jibu lao ni kwamba zote mbili ni matokeo ya sababu moja. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umeona mambo mawili yamefuatana ukayaunganisha bila kuuliza upungufu wa mabasi unaifikiaje bei ya nyanya. Nyanya za kuuza huingia sokoni kwa malori. Najua tenga moja moja husafiri kwenye buti la basi, lakini tenga hilo halipangi bei ya soko zima. Mvua ikikata barabara, au dizeli ikiadimika, basi na lori hukwama pamoja; wala hukutakiwa kuitaja sababu hiyo, ila kutambua kwamba ipo. (Watungaji nao wangeweza kuliandika swali lao kwa uangalifu zaidi.)

Mtego mkubwa zaidi ni wa wakati: kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha kinachofuata. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alishuku kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji ya kisima cha Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu yake ukang'olewa. Baada ya hapo ugonjwa ukaisha. Mtahiniwa mwenye haraka angeweka alama ya vema papo hapo, ilhali Snow mwenyewe aliandika kwamba vifo vilikuwa vimekwisha kupungua sana kabla ya siku hiyo, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Nguvu ya hoja yake ilitoka kwenye kulinganisha: nyumba ya kuhifadhi maskini iliyokuwa jirani, yenye watu 535 na kisima chake yenyewe, ilipoteza watu 5 tu, na wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa huohuo, ambao hawakuyagusa maji ya pampu ile, hawakufa hata mmoja.

Karatasi ya mtihani haikupi jirani wa kulinganisha naye, kwa hiyo inakubidi umbuni mwenyewe: je, katika wiki ambayo madereva wa mabasi wamegoma na malori yanapita kama kawaida, nyanya zingepanda bei?