Kwako inaenda, seva inagoma: angalia package-lock.json
Ndugu yangu, ikiwa mradi unaenda vizuri kwenye laptopu yako hapo Nyali na seva inagoma kwenye npm ci (amri ya npm, kisimamizi cha maktaba za JavaScript, inayosakinisha matoleo yaleyale yaliyoandikwa kwenye package-lock.json), usiilaumu seva. Yaelekea kuna aliyeongeza maktaba kwa mkono ndani ya package.json (orodha ya maktaba za mradi) akaacha package-lock.json ("kufuli", faili linaloshika matoleo kamili ya maktaba hizo) vilevile. npm ci haibahatishi: ikikuta faili hizo mbili hazikubaliani inasimama na kutoa kosa, na ndivyo inavyotakiwa. Tafadhali usiweke npm install kwenye seva ili kosa lipotee. Itarekebisha kufuli kimyakimya, kisha wewe na mwenzako wa Likoni mtakuwa na matoleo tofauti bila kujua.

Endesha npm install --package-lock-only. Inasawazisha kufuli bila kushusha node_modules yote, kwa hiyo bando lako linasalimika. Halafu komiti (hifadhi kwenye Git) faili zote mbili pamoja.

Matawi ya Git yakigongana kwenye faili hizi, usihariri kufuli kwa mkono hata kidogo: tatua package.json kwanza, kisha npm install itajenga kufuli upya. Na tumieni npm ya toleo moja nyote, maana npm 7 ilibadili muundo wa faili la kufuli. Mabadiliko ya maelfu ya mistari mara nyingi hutokea hapo.