Maswali na majibu: Pimeni katoni kwanza

Kusafirisha mzigo kutoka Guangzhou hadi Dar ni shilingi ngapi?

Mzigo gani? Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki linakuja bila vipimo. Chukua futi, pima urefu, upana na kimo cha katoni. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, na ukichangia kontena na wenzako utatozwa kwa kipimo hicho. Kwa ndege, zidisha namba hizo tatu kisha gawanya kwa 6,000: unapata kilo 20. Kama ndani mna mito ya kilo 6, bado utalipia 20. Mwambie muuzaji aitoe hewa na kuibana kabla ya kufunga. Inaniuma kuona mtaji wa watu wadogo unaishia kusafirisha hewa.

Wakala anasema mzigo umechelewa kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Ni kweli?

Meli ya kutoka Uchina kuja Dar au Mombasa haipiti Bahari ya Shamu. Inapita Mlango wa Malaka, kisha inakata Bahari ya Hindi. Mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yaliwagusa moja kwa moja wenye mizigo ya Ulaya na Uturuki. Sisi yalitufikia kwa mbali: meli zilikuwa adimu, na mwaka 2024 bandari ya Singapore ikasongamana. Mwombe wakala namba ya kontena, uifuatilie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Akikataa kuitoa, huenda mzigo wako bado uko ghalani Guangzhou ukisubiri kontena lijae.

CIF, yaani bei ya muuzaji yenye bima na nauli ndani yake, si ndiyo salama zaidi?

Hapana. Muuzaji analipa nauli hadi Dar, lakini hatari inakuwa yako tangu mzigo unapopakiwa melini kule. Bima anayolazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini kabisa, na haifidii wizi. Kata yako, ya hatari zote.

Kontena limekaa bandarini, natozwa mara mbili. Naibiwa?

Huenda huibiwi. Tozo ya hifadhi ni ya bandari, demareji, yaani tozo ya kukawia na kontena, ni ya kampuni ya meli. Na ukilitoa ukachelewa kulirudisha tupu, kuna tozo ya tatu. Litoe haraka, maana viwango hupanda kadiri siku zinavyokwenda. Safari ijayo uliza siku za bure, zisizo na tozo, kabla ya kupakia, ujibiwe kwa maandishi, na nyaraka zimfikie wakala meli ikiwa bado baharini.

Nauza viatu mtandaoni, niko Arusha, natuma kwa basi. Wateja wa Mwanza wanarudisha sana. Nani alipe nauli?

Ukikosea wewe, lipa kwenda na kurudi. Akibadili mawazo, alipe yeye, ila ajue hivyo kabla hajatuma pesa. Na yale maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yafuteni kwenye risiti zenu. Kitu kibovu kinarudishwa, hata uandike kwa wino mwekundu.

Lakini jambo kubwa ni kwa nini vinarudi. Nilipokuwa nauza viatu niliandika daftarini sababu ya kila jozi iliyorudi. Nyingi zilikuwa saizi, kwa kuwa 42 ya kiwanda kimoja si 42 ya kingine. Nikaanza kumwomba mteja akanyage karatasi, apige mstari kwenye kisigino na kidole kirefu, anitumie sentimita. Mimi nikapima kila jozi kwa ndani. Marejesho yalipungua sana.

Kinachorudi kikague siku hiyohiyo: kizima kirudi rafuni, chenye kasoro kiende kwa fundi, kingine kiuzwe kwa punguzo na kasoro yake itajwe. Usiache rundo stoo. Nimeona maduka yamefungwa huku nusu ya mtaji iko kwenye mifuko ambayo hakuna aliyeifungua tangu iliposhushwa kwenye basi. Na bei yako ya kuuza iwe imeshabeba nauli ya hizo jozi chache zitakazorudi.

Spika 14 zimefika na betri zilizovimba. Nizirudishe Guangzhou kwa ndege?

Usithubutu, betri mbovu za lithiamu haziruhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Zitenge mbali na bidhaa nyingine leo hii, zipige picha na video zikiwa na namba zake, kisha mdai muuzaji akupunguzie thamani yake kwenye oda ijayo.