Usitie saini kabla ya kuona ridhaa ya bodi na kibali cha kaunti

Umeuliza mtambo wa upepo ukae umbali gani na nyumba na kodi ya mwaka iwe kiasi gani, kisha ukataja kwa kupita tu kwamba Ijumaa unatia saini mkataba wa kukodisha shamba lako la Kajiado, na kwamba dalali amesema vibali vitafuata. Tafadhali weka kalamu chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Laikipia.

Nilitia saini, nikapokea malipo ya awali, nikaezeka nyumba kwa mabati mapya na kulipa karo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ukodishaji wa ardhi ya kilimo upate ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Bila ridhaa hiyo mkataba ni batili. Kila nilipompigia simu, dalali alinijibu kwamba jambo linashughulikiwa. Mwezi wa nane tangu nitie saini, ridhaa ikiwa bado haijapatikana, kampuni ya umeme wa upepo iliyokodi shamba ikabadili nia, nikaletewa barua ya wakili inayodai fedha zote, kwa kuwa sheria hiyo hiyo humruhusu aliyelipa chini ya mkataba batili kuzidai kama deni. Niliisoma nikiwa nimesimama chini ya mabati yale yale, na nikauza ng'ombe watatu wa maziwa ili nilipe.

Dalali yule alikuwa ameniapia kwamba kaunti haina usemi, eti leseni ya kuzalisha umeme hutolewa na EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti nishati. Leseni hutoka huko kweli, lakini Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti upangaji wa ardhi, na sheria ya upangaji ya 2019 inakataza kujenga au kubadili matumizi ya shamba bila kibali chake. Alilijua hilo vizuri, na kamisheni yake aliichukua siku niliyotia saini.

Wala ukubwa wa mradi usikutulize. Kule Marsabit mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari inazunguka wakati mahakama ya Meru, Oktoba 2021, ilipotamka kwamba hati za ekari 150,000 hazikupatikana kihalali, kwa kuwa utaratibu wa kutenga ardhi ya jamii haukufuatwa.

Nenda kesho katika ofisi ya upangaji ya kaunti ukiwa na namba ya shamba, uulize kama ombi limepokelewa, kisha umwone karani wa bodi ya ardhi. Ukikuta hakuna faili, Ijumaa usiende.