Je, naruhusiwa kununua maharage ya shamba ambalo vijana hawalipwi?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Nauza maharage na mahindi sokoni hapa Jinja, Uganda. Kwa muda mrefu nanunua kwa mwenye shamba mmoja kwa sababu bei yake iko chini. Msimu huu niliufuata mzigo mwenyewe, nikaongea na vijana wanaovuna. Waliletwa kutoka mbali kwa ahadi ya mshahara. Sasa wanaambiwa wanadaiwa nauli na posho, vitambulisho vyao vimefungiwa, na anayetaka kuondoka anatishiwa polisi. Je, biashara yangu ni haramu? Na nikiacha, watoto wangu watakula nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Nimeumia kulisoma swali lako.

Katika hadithi qudsi (maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume) aliyoipokea Bukhari, Allah anasema watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akahini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akamaliza kazi yake asimpe ujira. Tazama mla ujira alivyowekwa safu moja na muuza watu. Vijana hao wameahidiwa wakahiniwa, hawalipwi, na hawawezi kuondoka. Hata kama deni lingekuwa la kweli, Qur'ani (2:280) inasema mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Haikusema afungiwe shambani.

Ama maharage yenyewe, hayawi haramu kama mali ya wizi. Mazao ni ya mwenye shamba, na ujira ni deni shingoni mwake. Kwa hiyo mnunuzi asiyejua hana dhambi, wala halazimiki kumhoji kila muuzaji wa soko la Owino kule Kampala. Mtume (s.a.w.) alinunua chakula kwa mkopo kwa Myahudi akamwekea rehani deraya yake (vazi lake la chuma la vita), na hatukupokea kwamba alichunguza kwanza asili ya mali yake.

Lakini wewe umeona kwa macho yako. "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (5:2). Jiulize bei ile ya chini imetoka wapi. Mvua yake na ya jirani yake ni moja, udongo ni mmoja. Kilichopunguzwa ni mshahara wa wale vijana, na sehemu yake imekufikia wewe bila kukusudia. Sioni ruhusa ya kuendelea kununua kwake hali ikiwa hivyo.

Hata hivyo usiondoke kimya, maana ukiondoka kimya wao wanabaki palepale. Nenda na imamu wako au mzee anayeheshimika, mwambie mwenye shamba kwamba uko tayari kuongeza bei akiwalipa na kurudisha vitambulisho. Usimtaje kijana aliyekueleza. Akikataa, fika kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na afisa kazi wa wilaya. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 25, inakataza kazi ya kulazimishwa, na ipo sheria ya mwaka 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Faida uliyopata kabla ya kujua ni yako. Ya mzigo ulionunua baada ya kujua, naona uwapelekee vijana mkononi, si kupitia kwa tajiri wao. Unakikumbuka kisa cha watu watatu waliozibiwa pangoni na jiwe? Mmoja alikuwa na kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake wa nafaka. Mwajiri akaipanda, akaipanda tena, mpaka akapata kwayo ng'ombe na mchungaji wao. Kibarua aliporudi alidhani anadhihakiwa, naye akampa vyote. Kwa amali hiyo aliomba, na jiwe likasogea.

Kuhusu watoto wako, najua gunia litapanda bei na faida itapungua. Shirikianeni wauzaji wawili watatu, mkodi gari moja, mnunue kwa wakulima wadogo wanaolima wenyewe na jamaa zao. Na kila mkifika shamba jipya, zungumzeni na walioshika majembe kabla ya kuzungumza na mwenye mizani.

Wallahu a'lam.